Kuku Asiyegeuzwa

Watu waliokula kuku wake kwa miaka thelathini na moja hawakulijua jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Geuza, naye akaitika. Mimi ni shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, na jina hilo nalijua, ila sikumbuki nililitumia lini. Hata kliniki, mhudumu anapolisoma kwenye faili na kuliita kwa sauti, binti yake humgusa bega ili ajue kuwa ndiye anayetafutwa.

Alichoma kuku mbele ya lango la karakana ya kutengeneza injini, mahali nilipokuwa mtunza stoo ya vipuri. Jiko lake lilikuwa nusu ya pipa la mafuta lililolazwa juu ya miguu minne ya chuma. Miguu hiyo ilichomelewa na mafundi wetu kwa chuma cha kampuni, jambo ambalo meneja alilijua akalinyamazia, kwa sababu na yeye alikuwa na mdomo. King'ora kilipolia saa kumi na nusu, watu mia mbili walitoka na grisi mpaka viwikoni, na nusu yao hawakufika nyumbani bila kupita kwake.

Hakuwa na saa wala kipimo. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayetega sikio kwa jirani kupitia ukutani, akasikiliza mafuta yanavyodondoka juu ya makaa. Matone yakienda haraka, kuku bado. Yakianza kuchelewa, kuku anakaribia. Na muda wote huo aligeuza. Aligeuza kwa koleo, aligeuza kwa vidole, aligeuza huku akibishana na mteja habari za mpira na huku akimfungia mwingine kuku wake kwenye gazeti. Moshi mweusi ukianza kupanda, foleni nzima ilipaza sauti: "Geuza, geuza!" Jina likamganda hapo.

Hayo magazeti ndiyo yaliyonilea mimi. Niliacha shule darasa la nne. Yaliyobaki nilifundishwa na karatasi alizofungia kuku. Karatasi iliyoingia mafuta huonyesha pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo nilisoma habari za mabunge ya watu huku tangazo la viatu likipita chini yake. Mambo ya dunia yalinifikia yakiwa na umri wa miezi mitatu na harufu ya kitunguu saumu, na bado niliyaelewa kuliko hawa wa leo wanaoyapata kabla hayajatokea.

"Profesa huyo," Geuza alisema kila aliponiona. "Mpeni paja lenye ukurasa wa siasa."

Sosi ilikuwa ya dada yangu. Aliipika nyumbani asubuhi, ikaletwa kwenye sufuria yenye mfuniko uliofungwa kwa kitambaa. Nyanya zilizochemka mpaka zikawa nzito, siki, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, na kipande cha sukari guru kikubwa kama ngumi ya mtoto. Geuza aliipaka mwisho mwisho kwa brashi, ikang'aa juu ya kuku kama rangi mpya. Nimekula sehemu nyingi tangu wakati ule. Sijakula kitu kama kile.

Leo hakuna karakana. Pale lilipokuwa lango wanauza magodoro na simu, na milango yao ya kioo hufunguka yenyewe kana kwamba wateja wamezaliwa bila mikono. Kuku wapo, ndani kwenye ubaridi, wamepangwa kwenye sahani za plastiki, na anayewauza hajui walikufa lini. Karakana ilipofungwa, pipa lilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Dada yangu alitangulia mwaka uliofuata. Geuza akahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza cha kuanikia nguo, akiwa na sanduku moja la nguo na ugonjwa wa sukari ambao alikuwa ameuficha kwa miaka sita kama mtu anayeficha soda kwenye friji ya mwenzake.

Kidonda kilianza chini ya unyayo, karibu na kidole gumba. Alikanyaga kitu, hakujua ni nini wala lini. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, hakumzungusha.

"Mzee, nakupa wiki sita. Sukari ikishuka, kidonda kitapata nafasi ya kufunga. Isiposhuka, tutakata hapa." Akaonyesha kwa kalamu, juu kidogo ya kifundo.

Geuza aliitazama kalamu. Mguu hakuutazama.

Binti yake anafanya kazi kwenye maabara ya shule, ile kazi ya kupima unga wa kemikali kabla wanafunzi hawajaingia kuumwaga. Nyumbani pia hupima. Ana mizani ndogo kando ya sinki, na baba yake humwita Bi Mizani. Siku waliyotoka kwa daktari, alitoa jikoni mkate, mchele, viazi, soda na makopo ya sosi ya dukani, akavigawa kwa majirani.

"Wanga nje, baba. Sukari nje. Kuku umeruhusiwa."

"Wa kuchemsha, kama wa wodini?"

"Wa kuchoma. Kwenye oveni."

"Oveni haichomi," alisema Geuza. "Oveni inampa kuku homa."

Makaa hayakuwezekana. Ghorofani moshi ulikatazwa, na yeye mwenyewe alikatazwa kusimama. Nilikuwa nimekaa pale sebuleni nikasema kwamba binadamu alipotoa moto mahali unapoonekana akaufungia kwenye sanduku, alianza kula vitu asivyovijua. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, kunja miguu nipite." Nikakunja.

Basi ikawa Jumapili ya kwanza. Mpwa wangu alizioka nyanya kwenye trei mpaka maganda yakapasuka, akazisaga pamoja na siki, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, kijiko cha haradali, na unga wa pilipili nyekundu uliokaushwa kwa moshi. Huo unga Geuza aliunusa muda mrefu. "Huyu angalau amewahi kupita karibu na moto," akasema. Mapaja ya kuku, yenye ngozi yake, aliyakausha kwa kitambaa, akayapaka chumvi, akayalaza juu ya wavu na trei chini yake. Nyuzi mia mbili. Kisha akakosea jambo moja: akamwekea baba yake kigoda mbele ya oveni, ili ajisikie yumo.

Dakika mbili hazikupita, Geuza akafungua mlango.

"Baba, funga."

"Naangalia."

"Si kuna kioo hapo?"

"Kioo hakina pua."

Akafunga. Dakika mbili, akafungua tena, akaingiza koleo, akageuza yote manne. Joto la oveni likampiga usoni, miwani yake ikafanya ukungu, akaipangusa, akafunga. Akafungua.

"Baba, kila ukifungua unaanza upya. Umefungua mara kumi na moja, nimehesabu."

"Mara kumi na moja ndiyo nini? Pale langoni nilikuwa namgeuza kuku mmoja mara arobaini."

"Pale langoni hapakuwa na mlango."

Saa tisa alasiri walikata paja moja. Karibu na mfupa palikuwa pekundu. Tukala mayai.

Jumapili ya pili Geuza alizuiwa kukaribia. Aliketi sebuleni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, mikono juu ya magoti, vidole vikicheza. Kuku aliiva vizuri. Alikula vipande viwili, akaisogeza sahani taratibu.

"Umejitahidi, mama," alimwambia binti yake.

Sijui kama kuna neno baya zaidi mtu anaweza kumwambia mpishi. Mpwa wangu aliondoa vyombo. Wiki nzima baba yake alikula kidogo kidogo, kijiko hiki, kijiko kile, na mchana binti akiwa kazini alikuwa akibisha kwa jirani kuomba "kitu cha kusukumia chai". Jirani alimpa mkate, akidhani anamsaidia mzee. Kipimo cha wiki kikaonyesha sukari iko palepale ilipokuwa.

Ndipo aliponiita kibarazani, chini ya nguo zilizoanikwa.

"Profesa, nataka kitu. Kipande kidogo tu, kama ncha ya kidole."

"Cha nini?"

"Usijifanye mgeni. Wewe ulikula ile sosi miaka mingapi?"

Nilijua. Nilimuuliza kama anataka kukatwa mguu kwa sababu ya ladha.

"Huyu kuku wa maabara siwezi kummeza, shemeji. Najaribu, anakataa kooni. Nikipata ile ladha mara moja tu, nitajua nakula chakula, nitaendelea na mengine. Mara moja."

Nimejisomea mambo mengi, na elimu ya mtu aliyejisomea ina ubaya wake: anajua kujitetea. Nilijiambia kwamba ni huruma. Nilijiambia kwamba hawa vijana na mizani zao wamesahau kuwa mtu halishwi kama betri. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na hamu. Tangu dada yangu afe sikuwahi kunusa jiko lake, na nilitaka kulinusa. Nikanunua kipande cha sukari guru, nikakifunga kwenye karatasi, nikakitia mfuko wa koti.

Jumapili ya tatu manyunyu yalianza wakati sosi ikichemka. Binti yake alikuwa ameanika shuka uani chini, akateremka mbio kuzianua. Geuza alinitazama. Nikainuka, nikavunja nusu ya kipande, nikakoroga mpaka kikayeyuka. Sosi ikabadilika rangi, ikawa na ule weusi wa asali. Nilirudi kwenye kiti changu mbio kama mwizi, nami nina miaka sabini na nne.

Mpwa alirudi, akampaka kuku sosi, akafunga oveni. Baadaye kidogo harufu ikaja.

Sitaipamba. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la bei rahisi katika chumba chenye dari ya chini, na kwa dakika kumi nilikuwa na miaka arobaini, mikono yangu ina grisi, dada yangu yu hai na ananiuliza kwa nini siji nyumbani. Geuza alikuwa amefumba macho.

Halafu harufu ikageuka. Ikawa kali. Moshi mweusi ukaanza kupenya pembeni mwa mlango wa oveni, na mpwa wangu akazima, akafungua, akavuta trei. Chini ya wavu, pale sosi ilipodondokea, palikuwa na tabaka jeusi linalotokota kama lami ya barabarani. Ngozi ya kuku ilikuwa na mabaka ya mkaa.

Akaishika ile trei kwa vitambaa viwili, akaitazama. Mtu mwingine angedhani moto ulizidi. Huyu ni mtu wa maabara.

"Nyanya haiungui hivi," alisema.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani?"

"Mimi niliomba," alisema Geuza.

"Sijauliza nani ameomba. Wewe huwezi kushuka ngazi." Akanigeukia. "Mjomba."

Nilijaribu kusema jambo kuhusu kumbukumbu. Lilitoka vibaya, nikaliacha katikati.

Nilitegemea anipe vidonge vyangu, na ningevipokea. Hakufoka. Aliiweka trei kwenye sinki, akanawa, akaleta beseni, chumvi, bandeji na glavu, akaviweka miguuni pangu.

"Leo kidonda utakifunga wewe."

Sikuwahi kukiona. Kila siku nilipokuja kilikuwa kimeshafungwa, nami nilikitazama kama mtu anavyotazama soksi. Nilivaa glavu kwa shida, zilinibana. Nilifungua bandeji. Nilidhani kidonda ni kitu cha juu ya ngozi. Hiki kilikuwa na kina. Unaweza kuweka ncha ya kidole gumba ndani na isionekane. Pembeni palikuwa peupe kama sabuni, na harufu yake sitaiandika.

"Anzia katikati, nenda nje," alisema mpwa wangu juu ya kichwa changu. "Usirudi na pamba ileile."

Nikabonyeza vibaya, kwa nguvu, mle ndani kabisa.

"Samahani, shemeji," nikasema.

"Samahani ya nini?" Geuza aliuliza. Alikuwa akitazama dari. "Umefanya nini?"

Hakuwa amehisi kitu. Nilimtazama binti yake, naye akanitazama. Nikamaliza kufunga, polepole, akinisahihisha kila mzunguko. Kisha nilisimama, nikatoa kile kipande kilichobaki mfukoni, nikakitumbukiza kwenye pipa la taka pamoja na karatasi yake. Mpwa wangu hakunishukuru, na hakukuwa na sababu.

Kumbe muda ule wote Geuza alikuwa ameacha kutazama dari, anatazama trei iliyoegeshwa kwenye sinki.

"Ilete hapa," alisema.

Binti akamletea. Akalikwangua lile tabaka jeusi kwa ukucha, akalivunja, likalia kama kioo.

"Ni yeye huyu," akasema.

"Nani, baba?"

"Mama yako. Miaka thelathini na moja nageuza kama mwendawazimu, nasema moto wangu mkali, nasema makaa ya siku hizi mabaya. Kumbe nilikuwa nashindana na sukari yake."

"Hukujua sukari inaungua?" nilimuuliza.

"Hata mtoto anajua sukari inaungua. Ninachosema ni kwamba sikuwahi kujiuliza: isingekuwepo, ningegeuza ya nini?"

"Isingekuwepo usingegeuza," alisema binti yake. "Ndiyo ninayokuambia kila Jumapili. Funga mlango, baba. Hakuna kinachoungua mle."

Mtu akikuambia kwamba ufundi uliokupa jina ulikuwa dawa ya tatizo lililowekwa na mkeo mwenyewe asubuhi, kwa mapenzi, unahitaji muda. Mimi ningehitaji mwaka. Geuza alihitaji kama robo saa, kisha akauliza swali la mpishi.

"Kwa hiyo sosi hii ya kwako, si lazima ningoje mwisho ndiyo niipake?"

"Unaweza kuipaka tangu mwanzo."

"Tangu akiwa mbichi?"

"Tangu akiwa mbichi."

"Ikaingia ndani."

"Ikaingia ndani, baba."

"Hilo sikuwahi kuliweza," alisema Geuza.

Jumapili ya nne alitoa amri akiwa kwenye kigoda, mguu umeinuliwa juu ya mto. Kuku alilazwa kwenye sosi tangu asubuhi. Vitunguu vikubwa vilikatwa vipande vinene, vikatandikwa kwenye trei ili mafuta yadondokee juu yake. "Nataka nisikie," alisema. Binti yake alimkubalia kila kitu isipokuwa chumvi, ambayo aliipima. Mlango ukafungwa.

Ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizomwona akifanya. Mikono aliibana katikati ya mapaja. Sikio alilisogeza mpaka joto likamwambia basi. Aliinamisha kichwa upande, na nikamwona akihesabu kwa midomo, bila sauti, matone yakidondoka juu ya vitunguu mle ndani gizani. Kuna wakati mkono mmoja ulimponyoka ukaenda kwenye mpini wa mlango. Binti yake aliuona, akaendelea kukata kabichi. Mkono ukarudi wenyewe.

"Yameanza kuchelewa," alisema hatimaye. "Toa."

Kipimo cha oveni kilikuwa kimebakiza dakika nne. Mpwa wangu alitazama kipimo, akamtazama baba yake, akatoa. Kuku alikuwa ameiva mpaka mfupani, ngozi kavu, nyekundu inayoelekea weusi, bila baka hata moja.

Alikula paja zima, akalivunja mfupa, akala na vitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba. Mimi nilikuwa nimekuja na nia ya kumchukia huyo kuku. Hakuwa kuku wa dada yangu. Hakuwa na ule utamu unaobaki kwenye vidole mpaka usiku, na alitoka kwenye sanduku la umeme ndani ya jengo lisilo na harufu, na hakuna mtu mwenye grisi aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni. Niliyasema hayo mezani.

"Sawa, Profesa," alisema Geuza. "Sasa nirudishie sahani yangu."

Nilikuwa nimeanza paja lake la pili.

Tangu siku hiyo mkate wa jirani hakuuomba tena. Alikula kuku Jumapili, akala mabaki yake Jumatatu na Jumanne, na siku nyingine alikula mayai na mboga bila kulalamika sana. Mimi nilikwenda kila jioni baada ya chai kufunga kidonda. Hakuna aliyenituma. Wiki ya tano nilibonyeza kwa bahati mbaya, naye akavuta mguu na kunitukana, tusi la zamani la karakana ambalo nilidhani limeshakufa. Nilitoka kibarazani nikakaa kidogo peke yangu.

Wiki ya sita tulikwenda kliniki wote watatu. Daktari alisoma karatasi ya vipimo, akaisoma tena, akaweka kando kalamu yake. Alivaa glavu, akainama, akakaa pale chini kwenye unyayo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Geuza alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Binti yake alisimama wima kabisa, mkoba kifuani.

"Hakijafunga," alisema daktari. "Ila kina kimepungua, na pembeni pameanza kukaribiana. Hiki tunakiacha kijifunge chenyewe. Hatukati."

Mpwa wangu aliketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. Geuza aliuachia ukingo wa kitanda, kidole kimoja kimoja.

"Rudi baada ya mwezi," daktari aliendelea, akiandika. "Na uendelee hivihivi, mzee. Ukilegeza, tunarudi kule kule."

"Mwezi ujao," Geuza alimwuliza binti yake, "una Jumapili ngapi?"

Binti alinyanyua macho kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole.

"Tano."

"Basi nunua kuku watano," alisema, akaanza kuutafuta mkono wangu ili asimame.